Katungu Akataa Kulala Chali

Katungu aliuza maharagwe sokoni Birere mpaka mimba ikafika mwezi wa tisa. Wateja walimtania kwamba huyo mtoto atazaliwa juu ya gunia. Yeye alicheka nao, lakini moyoni alikuwa amekata shauri: atajifungulia nyumbani kwake mtaani Katoyi, bila daktari wala muuguzi yeyote.

Adalbert, mume wake, alimsihi aende hospitali mpaka akachoka. Mwishowe akamwita jirani yao Nshobole, mkunga wa kituo cha afya cha mtaani.

"Kule kwa baganga ba hospitali sitarudia tena," Katungu alimwambia. "Wakati wa kuzaa mutoto wangu Benny niliomba nipige magoti, mugongo ilikuwa inaniuma sana. Baliniuliza kama niko ku misa. Balinilalisha chali, balinikamata miguu, mumoja akanipiga kofi."

Nshobole alikasirika waziwazi. Mama wa watu apigwe kofi kwa kuwa anazaa? Hata mnyama hafanyiwi hivyo. Tena, alisema, haikuwa lazima alale chali. Mama akilala chali muda mrefu, tumbo zito hukandamiza mshipa mkubwa, na damu inayokwenda kwa mtoto inaweza kupungua. Akitembea, akichuchumaa, akipiga magoti au akilala ubavu, mara nyingi hupata nafuu. Na akiwa wima, uzito wa mtoto mwenyewe humsaidia kushuka.

"Lakini nyumbani, mama Benny, damu ikitoka mingi, nani ataizuia?" aliuliza. "Kuya kwetu kituoni. Sema mapema namna unapenda kuzaa. Tukiona hatari tutakuambia ubadilishe, na tutakuelezea sababu, juu ya nini."

Katungu hakuamini sana, ila alikubali.

Uchungu ulipoanza, Adalbert alimpeleka kituoni. Muuguzi mmoja akamwonyesha kitanda, akamwambia alale. Katungu akabaki amesimama.

"Kuna hatari? Kama haiko, niache nipige magoti."

Nshobole alimpima, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema hakuna hatari. Wakatandika mkeka safi. Katungu akapiga magoti, akaegemea kitanda, Adalbert akimkanda mgongo. Mtoto wa kike alitoka akilia, na mama hakuchanika.

Wote walifurahi. Katungu alimkumbatia binti yake, kisha akaanza kulia kwa hasira.

"Sasa wakati wa Benny," alisema, "balinipiga juu ya nini?"

Muuguzi aliinama, akaanza kutandika mkeka mwingine safi. Mama mwingine alipoingia siku hiyo, ameshika kiuno, hakuonyeshwa kitanda. Aliulizwa kwanza angependa kukaa namna gani.