Komeo la Nje

Haya nimeyapata kwa shangazi yangu, na shangazi si mtu wa kutia chumvi. Hata kwenye mboga haitoshi.

Nyumba ya bibi iko juu mlimani, ya mawe, paa la nyasi. Bibi alipokufa iliachwa mpaka majani yakaota jikoni. Baadaye wakaja watu wa makumbusho wakaifufua. Jiwe la kusagia likarudi mahali pake, vibuyu vikatundikwa, zizi la mbuzi likajengwa upya ubavuni. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, akapewa kazi ya kuwaeleza wageni jinsi wazee walivyoishi. Shangazi, mdogo wake, akapewa kibanda cha chai uani.

Baba mkubwa alikuwa na ulimi wa asali. Kila siku alisimama kando ya meko, anakohoa kidogo, anasema, "Humu, ndugu zangu, mzee hakuachwa peke yake." Wageni wanafuta machozi. Shangazi anasikia yote kupitia dirishani, huku anaosha vikombe.

Sasa, nyumba zile komeo huwa ndani, ili mwenye kulala ajifungie. Mlango wa bibi ulikuwa na la pili, nje, mti unaokaa kwenye vishikio viwili kando ya mlango. Baba mkubwa ndiye aliyelipigilia, bibi alipoanza kusahau na kutangatanga. Asubuhi anamfungia, anashuka bondeni kwenye mambo yake, jioni anarudi. Kuna jioni hakurudi. Huko chini kulikuwa na harusi na pombe, na kesho yake pia ilikuwepo. Bibi alikutwa sakafuni, nyuma ya mlango. Ukoo mzima ukafunika kombe mwanaharamu apite. Hajapita mpaka leo.

Nyumba ilipokuwa inafufuliwa, fundi seremala alileta mlango mpya, akauliza kuhusu vile vishikio vya nje.

"Ving'oe, uzibe matundu," baba mkubwa akamwambia. "Weka la ndani tu."

Shangazi alimwomba kaka yake kitu kimoja. Aseme mara moja tu, kwa mdomo wake, kwamba mama yao alifia humo akiwa amefungiwa. Basi. Baba mkubwa akamjibu kwamba yaliyopita si ndwele, akaenda kupokea wageni.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Alasiri ukungu ukashuka, wageni wakaondoka mapema. Baba mkubwa alibaki ndani anazima moto. Shangazi alikuwa anafunga kibanda aliposikia mti ukikaa kwenye vishikio vyake. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu msiba. Kisha mlango ukatikiswa.

"Dada. Nifungulie."

Akaenda. Akapapasa mlango juu mpaka chini. Mbao tupu. Akausukuma, haukutingishika.

"Huku hakuna kitu, kaka. Toa la ndani."

"La ndani nimetoa. Toa hilo la nje. Nimelisikia likiwekwa."

"Hakuna."

Ndani, nyuma ya kaka yake, mtu akakohoa. Kikohozi chembamba cha kizee.

"Uko na nani humo?"

Akamsikia kaka yake karibu kabisa na ubao, ananong'ona.

"Yuko chini. Anakuja kwa magoti."

Shangazi akasogeza mdomo kwenye ubao. Alikuwa anamchukia yule mtu kwa miaka, lakini ni tumbo moja, utafanyaje.

"Mwambie, kaka."

"Nimwambie nini?"

"Ulichomfanyia. Mwambie tu. Atakuachia."

Akangoja. Alimwomba Mungu kaka yake aseme. Alisikia kitu kikiburuzwa sakafuni, polepole, kinasogea mlangoni. Kikasimama.

Baba mkubwa akakohoa kidogo. Kisha, kwa ile sauti yake ya wageni, akasema, "Humu mzee hakuachwa peke yake."

Hakusema tena.

Mlango ukafunguka wenyewe. Baba mkubwa alikuwa ameketi nyuma yake, amekufa, macho yakitazama sakafu. Hakuna jeraha. Kucha zake zilikuwa fupi, safi, kama alivyozikata.

Mlango nimeuona mwenyewe tulipokwenda kuzika. Upande wa ndani, kuanzia magotini kushuka chini, umekwaruzwa hovyo. Ubao hauna hata mwaka, lakini ndani ya mikwaruzo mna masizi ya miaka mingi, meusi, yameganda. Fundi ameubadilisha mara mbili. Mikwaruzo inarudi, na masizi yake.

Siku hizi kuna mwongozaji mwingine, kijana mzuri tu, amevaa kitambulisho. Anawaambia wageni ni mbuzi, zamani walilala humu pamoja na watu. Mimi niliweka kiganja changu kwenye mikwaruzo ile. Vidole vitano, vya mkono mdogo kuliko wangu. Wageni wanatikisa kichwa, wanasema wazee walipenda sana mifugo yao, kisha wanapiga picha.