Kifo Kando ya Mashine ya Kornelio

Kornelio alikuwa amelala kifudifudi uani kwake ukingoni mwa mto, kando ya pikipiki yake ya majini, kisogo kimepasuka, spana kubwa yenye damu iko karibu na sikio lake. Inzi walikuwa wamefika kabla ya polisi.

Inspekta Agustina Kisyeri alichuchumaa, akalichunguza jeraha, kisha akatazama nje ya uzio. Wachimbaji walizidi kumiminika barabarani, wengine na sururu mkononi, na wote walikuwa wakilitaja jina moja: Ochieng, fundi.

"Spana ni yake, afande," alisema Sajenti Oyoo. "Mashine alikuwa anaitengeneza yeye. Tumemkamata njiani akitokea Bomani. Yuko kwenye gari letu, na hawa watu wanajua. Wanataka kumchoma."

"Mwondoeni hapa."

"Wameziba barabara kwa magogo."

Agustina alihesabu vichwa vilivyokuwa nje ya uzio. Tangu dhahabu ifumuke huku Nyamwaga, kila mtu alikuwa na haraka: haraka ya kutajirika, haraka ya kuoa, haraka ya kuua. Askari wake walikuwa wanne. Asipompata muuaji upesi, angekuwa na maiti ya pili, na hii ingekuwa juu ya kichwa chake yeye.

Marehemu alikuwa na duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, tena alinunua dhahabu kwa wachimbaji wa kando zote mbili za Mto Mara. Mashine ile kuukuu ndiyo iliyomvusha kwenda upande wa Mbalibali kabla wanunuzi wenzake hawajazunguka darajani. Kasoro yake ni kwamba injini ilikuwa ikichemka na kuzima katikati ya mto, na katikati ya Mto Mara si mahali pa kuzimikiwa. Mamba hawana subira.

Agustina aliingia ndani ya gari. Ochieng alikuwa amejikunyata chini ya dirisha, pingu mikononi.

"Mashine ilikuwa na tatizo gani?"

"Njia za maji ya kupoza injini zimejaa tope, afande. Nimezisafisha. Mpira mmoja ulikuwa unavuja, nikaenda Bomani kutafuta klipu. Nikakuta duka limefungwa."

"Kwa hiyo hakuna aliyekuona."

"Hakuna. Yawa, afande, mimi nina mke! Susana hata hajui niko hapa!"

"Uliiachaje?"

"Mpira wa maji nimeuunganisha, koki nimeifunga. Nikamwambia bosi asiiguse mpaka nirudi."

Agustina alirudi uani. Kabla ya kuletwa Tarime alikuwa amefanya kazi na polisi wa majini kule Musoma, na mashine za namna hii zilikuwa zimemchafua mikono vya kutosha. Oyoo alitafuta komeo la kiti akashindwa, Agustina akamwonyesha lilipofichika chini ya mkia wa kiti. Alifungua plagi za injini, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Maji yaliruka kutoka kwenye silinda yakamlowesha Oyoo kifuani.

"Mtume!" alifoka sajenti.

"Injini hii inawashwa kwanza, ndipo unafungulia maji. Ukitanguliza maji ikiwa imezima, yanarudi kupitia ekzosi mpaka kwenye silinda. Fundi yeyote wa mashine hizi analijua hilo."

"Labda amefanya makusudi."

"Aharibu kazi yake mwenyewe ili iwe nini? Kuna mtu mwingine aliyejaribu kuiwasha." Akaigeukia pampu iliyokuwa kando, mpira wake umetumbukizwa mtoni. "Hii ni ya nani?"

"Ya duara la Kornelio. Ilikuwa inakausha maji shimoni. Aliihamishia hapa juzi ili ipeleke maji kwenye hii mashine yake."

"Mwendeshaji wake nani?"

"Deus. Yuko hapo nje na wenzake."

Wakati Oyoo anamfuata, Agustina alikausha silinda, akarudisha plagi na kufunga kiti. Pampu ilikuwa tayari inaunguruma Deus alipoingia, kijana mrefu mwenye macho mekundu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umewahi kuigusa mashine hii?"

"Hapana. Tangu wachukue pampu yangu sijakanyaga hapa."

"Basi nisaidie kuiwasha. Kwanza ona kama mpira wa maji umekaa vizuri."

Deus alipitisha mkono chini ya mkia wa kiti, akavuta komeo na kukiinua. Akaukaza mpira. Kisha akafungulia koki, ndipo akanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Acha!" Agustina alifunga koki. "Kwa nini umetanguliza maji?"

"Pampu usipoinywesha maji kwanza haivuti, afande. Ndivyo tunavyofanya."

"Na komeo la kiti umelijuaje? Sajenti amelitafuta hapa akashindwa, nikamwonyesha mimi."

Deus aliuangalia mkono wake. Nje watu walikuwa wakipiga kelele kwamba fundi atolewe.

"Nimekuuliza, mura," Agustina alimwambia kijana.

"Nilikuja kuomba pampu," alisema hatimaye. "Maji yalikuwa yanapanda shimoni na wenzangu wamo ndani. Mdogo wangu, Marwa, alikufa humo jana, kwa sababu pampu iko hapa inapoza mashine! Kornelio hakuniambia hata pole. Akasema fundi amechelewa, niwashe mimi, nikimaliza nichukue pampu yangu. Nikawasha ninavyojua. Ikagoma."

"Kisha?"

"Akaanza kulia, afande. Kulia kabisa, na machozi. 'Umeniulia mashine yangu!' Marwa tumemtoa shimoni yeye amesimama anatazama saa. Kwa chuma hiki akalia. Spana ilikuwa hapo."

Agustina alimwonea huruma, na hakuificha. Lakini alikuwa na swali jingine, na lilimtia hasira.

"Na Ochieng? Ungewaacha wamchome?"

Deus alijikalia chini kwenye tope. "Nilikuwa nao hapo nje. Na mimi nilikuwa napiga kelele."

Agustina alimfunga pingu, akaenda getini, akawaambia wachimbaji kwa maneno machache nani ameua na kwa nini. Karibu wote walikuwa wamemzika Marwa asubuhi ile. Sururu zilishuka. Wakaanza kuondoa magogo barabarani bila kuamriwa na mtu.

"Uko huru," Agustina alimwambia Ochieng ndani ya gari, akimfungua pingu. "Shuka uende kwa Susana."

Ochieng aliwatazama kupitia kioo, wale wanaume waliokuwa wakimsafishia njia.

"Hapana, afande," alisema. "Nifungie mlango."