Nailoni ya Kufunikia Makande

Tunakaa nje kidogo ya Kibaigwa. Mimi ni Dorkasi. Mume wangu Mazengo analima alizeti na kufuga ng'ombe wachache. Tunalea mjukuu wetu Erica, mwenye miaka miwili. Mama yake, binti yetu wa pekee, alifariki siku ya kumzaa. Miezi ya kwanza Erica alikunywa maziwa ya kopo. Alipotimiza mwaka, akahamia kwenye maziwa ya Madoa, ng'ombe wetu pekee aliyekuwa akikamuliwa.

Kazi yangu ni kupika makande ya mahindi na maharage. Kila asubuhi napeleka sufuria sokoni, nawauzia wapakiaji wa magunia ya mahindi. Maharage yetu ni magumu, na kuni zinatafutwa mbali. Kwa hiyo nilifanya kama wenzangu. Nilichukua nailoni ya ndani ya gunia la sukari, nikaitandika juu ya chakula, kisha nikabana mfuniko. Mvuke hautoki, makande yanaiva upesi. Ikichakaa, naitupa jalalani nyuma ya zizi. Nani alikuwa na habari nayo?

Mwezi wa tisa majani yalikuwa yamekwisha kabisa. Madoa akaacha kula. Tumbo likavimba upande wa kushoto, na maziwa yakakatika. Erica alizunguka uani na kikombe chake cha bati, akikigonga ukutani na kulia. Nikampa uji, akausukuma. Mazengo akasema ni jicho baya la jirani. Nilimwambia aache upuuzi, aende akamwite afisa mifugo.

Afisa mifugo wetu ni Wambura, kijana wa Mara. Alitusalimu kwa Kigogo chake kibovu, akampa Mazengo shikamoo. Akampapasa Madoa ubavuni, akabonyeza palipovimba. Akasema tumechelewa, hatapona, heri achinjwe asiendelee kuteseka. Mazengo alimfunga kamba mwenyewe. Mimi nilimwingiza Erica ndani.

Tumbo lilipopasuliwa, likatoka bonge la plastiki kubwa kama mto wa kulalia. Zilikuwemo kamba za magunia, vifuko vya sabuni na nailoni nyingi. Wambura aliikunjua moja, akaimwagia maji. Nikaiona alama ya duara ya mdomo wa sufuria yangu. Nikakaa chini.

Alieleza kwamba ng'ombe mwenye njaa huifuata nailoni yenye chumvi na harufu ya chakula. Akishaimeza, haisagiki wala haitoki. Kisha akaiinua juani. Ilikuwa na matobo, na kingo zake zimeyeyuka.

"Mama, jikoni iko nyingine?" akauliza.

Nilimletea ya jana. Nayo akaiinua juani, nayo ilikuwa na matobo.

"Hii haijaguswa na ng'ombe," akasema. "Vipande vilivyokuwa hapa vimekwenda wapi?"

Makande ya jana tulikuwa tumeyala. Erica nilimpondea kwa mkono wangu mwenyewe.

Mazengo akauliza kama mtoto naye atavimba.

"Hapana, mzee, hatavimba kama ng'ombe," Wambura akasema. "Ila sitakudanganya. Madhara yote hayajajulikana."

Akatuambia kwamba plastiki haiozi. Joto na jua huivunja ikawa chembe ndogo, nyingine hata jicho haliwezi kuziona. Tunazila, tunazinywa, na tunazivuta na vumbi. Wataalamu wamezikuta kwenye damu, kwenye mapafu, hata kwenye kondo la nyuma la mama mjamzito. Kwa wanyama wa maabara zimeleta uvimbe ndani ya mwili. Kwa binadamu bado wanachunguza kama zinadhuru moyo na uzazi. Tena baadhi ya plastiki ina kemikali zinazovuruga homoni, na mtoto mdogo ndiye wa kuogopewa zaidi.

"Majibu kamili bado," akasema. "Lakini kuna faida gani kusubiri huku unampikia plastiki?"

Hakuishia hapo. Aliona dumu la maji limeachwa juani mpaka limepasuka-pasuka. Aliona bakuli la plastiki la Erica lina uji wa moto. Aliona Mazengo anawashia mkaa kwa mfuko wa plastiki, akasema moshi ule ni sumu. Nilimkasirikia. Mtu amepoteza ng'ombe, naye anamkagua jiko! Lakini kila alichosema kilikuwa mbele ya macho yangu.

Tukabadilika, si kwa siku moja. Sasa maharage na mahindi naviloweka tangu jioni. Juu ya sufuria naweka mfuniko mzito na jiwe, basi. Uji wa Erica ni kwenye kikombe cha bati. Maji nayachemsha kwenye sufuria, yakipoa nayachuja kwa kitambaa safi cha pamba, nayatia kwenye mtungi wa marehemu mama mkwe. Dumu tunalotekea halina ufa na linakaa kivulini. Moto tunawasha kwa magunzi. Kabla ya kufagia nanyunyiza maji, vumbi lisiruke. Plastiki chakavu tunazifunga kwenye gunia, tunazipeleka kwa wanaozinunua mjini.

Madoa hakurudi. Erica alikonda mpaka nikaogopa kumwogesha. Nesi wa zahanati alimpima kila mwezi, akatufundisha kumpa uji wa karanga na mayai. Tulihangaika hivyo miezi mitano. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mtamba aliyezaliwa na Madoa naye akazaa. Siku ya kwanza Erica alipopata maziwa yake, alikunywa bila kupumua. Mazengo akatoka nje, nikajua analia.

Sokoni, Gladness wa meza ya pili alinicheka kwamba nailoni inamwivishia chakula mapema kuliko jiwe langu. Niliitoa kwenye sufuria yake, nikaiinua juani.

"Kilichokuwa hapa kiko wapi?" nikamuuliza.

Aliangalia tobo, kisha akawaangalia wapakiaji waliokuwa wakila. Kesho yake alikuja na jiwe.

Erica ananenepa. Lakini tumbo lake ni lile lile lililokula makande yangu ya nailoni. Sijui kilichobaki humo, na Wambura naye hajui. Ninachokijua ni ninachomlisha leo.