Kiko cha Babu Faraj

Babu yangu Faraj hakuvuta hata sigara moja maishani, lakini kila Idi, baada ya sala, alizunguka Bugembe nzima na kiko cha Kijapani kiunoni. Mwanzi mwembamba, kichwa cha shaba, kifuko cha ngozi, na kishikizo cha pembe kilichochongwa umbo la panya aliyelala. "Afande wa Japani!" vijana walimtania, naye akazidi kutanua kifua. Alisema alikinunua Burma alikopigania Waingereza, Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha.

Mwaka 1987, bunduki zilipoanza kunyamaza upande wetu wa Jinja, aliugua. Nilitoka chuoni kumwangalia. Akaninong'oneza.

"Sikununua. Yule askari wa Kijapani alikuwa hai bado, tumbo limepasuka. Akaonyesha kiko, anataka avute kidogo tu. Mimi nikaona kitu maridadi. Nikakikata kiunoni mwake, nikaenda."

"Pumzika, Babu."

"Wajapani wanagonga kaa la kiko kiganjani, wanawashia tumbaku ingine. Kila siku namsikia anagonga. Kijaze, mjukuu wangu. Kiwashe, kiweke chini hapo nje. Avute, aniache nife vizuri."

Mimi, msomi, nikaona haya kumwashia mzimu tumbaku mbele ya majirani. Nilisimama uani dakika tano, nikarudi.

"Tayari, Babu."

Alishukuru mpaka akalia. Kiko kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Mchumba wangu Marjan alikuwa na harusi ya kaka yake huko Mbale, na nilijua kingempendeza kiunoni.

Kesho yake kilimpendeza kweli. Saa sita mchana, watu wakila pilau, akanishika mkono.

"Madina," akanong'ona. "Kiko kina moto."

Nikakigusa. Kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha moto.

Ko. Ko. Ko.

Hakuna aliyekuwa akigonga.

Nilirudi Bugembe siku hiyo hiyo. Babu alikuwa amefariki, saa sita mchana. Mzee Adrisi, aliyemwosha, akaniita pembeni.

"Mkono wa kulia ulikataa kufunguka. Tulipoufungua, mna majivu. Ya moto bado. Na kiganjani ameungua, duara, kama punje ya njegere. Kwani alikuwa anavuta?"

"Hapana," nikasema. Ndilo neno la kweli pekee nililosema katika nyumba ile wiki hiyo.

Nilikijaza kiko, nikakipeleka kaburini. Njiti kumi na nne. Tumbaku haikushika.

Leo mchana nilikuwa nasahihisha mitihani. Ko. Nikafungua kiganja. Majivu nimeyapangusa, duara limebaki.

Mimi pia sivuti.