Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo, kama punje ya mbaazi. Syombua aliliona asubuhi alipokuwa akipangusa vumbi kwenye rafu ya mumewe. Lilikuwa nyuma ya gurudumu la lori la kijani, limesukumwa mpaka likagusa mpira. Alidhani limemeguka ukutani. Akalitupa nje akaendelea na kazi zake.

Kesho yake lilikuwa limerudi mahali pale pale.

Rafu hiyo ndiyo iliyokuwa ulimwengu wa Josphat. Juu yake alipanga malori madogo aliyoyatengeneza kwa mikono yake, kila moja mfano wa lori aliloendesha wakati miguu yake ilikuwa mizima. Bati alilitoa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Magurudumu aliyakata kwenye malapa yaliyochakaa, vioo vya mbele kwenye chupa za plastiki. Bodi aliipiga msasa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto, kisha akaipaka rangi polepole, akingoja mkono wa kwanza ukauke kabla ya kupaka wa pili. Brashi zake zilikuwa za manyoya ya mkia wa mbuzi. Mire, jirani yao Msomali aliyefanya biashara ya mifugo hapo Katelembo, ndiye aliyemletea manyoya hayo, na hakuwahi kuambiwa ayalete. Aliona tu mtu amekaa bure na mguu mbovu, akamfikiria.

Lori la kijani lilikuwa la mwisho. Josphat alikuwa amelikwepa kwa muda mrefu, kwa sababu lile halisi ndilo lililomvunja mguu. Ilikuwa mwaka wa mvua ya El Nino, barabara zimekatika kila mahali. Lori lilizima likipanda mlima wa kuelekea Katangi. Taniboi wake, msaidizi wake garini, kijana mpole aliyeitwa Nzioka, aliruka chini na jiwe mkononi kwenda kuzuia gurudumu la nyuma, kama mataniboi wote wafanyavyo gari likisimama mlimani. Breki zikakatika kabla hajaliweka. Lori lilimpitia, likateremka na dereva wake mpaka bondeni.

"Baba Mutindi," Syombua alimwita siku ile ya pili, "ni wewe unaweka mawe huku?"

Josphat alisogea na mkongojo wake. Alilitazama lile jiwe. Halafu akatabasamu, na Syombua akashtuka, kwa sababu alikuwa amesahau meno ya mumewe yanavyokaa.

"Kumbe bado unafanya kazi," Josphat alilinong'oneza lori. "Asante, kijana."

Alisema vile mtu anavyosema mgeni akiwa mlangoni. Kuku waliokuwa wakidonoa kizingitini waliondoka wote kwa pamoja.

Tangu siku ile Josphat alianza kuongea, lakini si na mkewe. Aliinama juu ya meza yake akikwangua na kupaka, huku akiuliza maswali kwa sauti ya chini na kungoja majibu. Syombua akimletea chai, mumewe alinyamaza mpaka aondoke. Mama huyo mchanga alibaki na mtoto wake, Mutindi, aliyekuwa ameanza kukaa mwenyewe lakini hajasema neno lolote. Siku nzima aliongea naye ili nyumba isimlemee. Zaidi ya yote alimfundisha shukrani. Alimpa kipande cha kiazi kitamu, akakishika kidogo kabla ya kukiachilia.

"Sema asante. Sema ate."

Mutindi alifungua kiganja, akacheka, hakusema.

Mawe yakaendelea kuja. Mwanzoni yalikuwa ya msaada. Mtungi wa maji uliokuwa ukibiringika uani ulipata jiwe la kuuzuia. Mlango uliokuwa ukigonga kwa upepo na kumwamsha mtoto ulikutwa umewekewa jiwe chini, umetulia. Siku moja, akiwa peke yake, Syombua alikaribia kulishukuru. Akarudi nyuma hatua moja. Lilikuwa jiwe la ukubwa wa ngumi sasa, na lilikuwa na majimaji, na nyumba ilinuka magunia yaliyolowa na breki zilizoungua.

Kisha ikaja ile sauti. *Pa, pa.* Viganja viwili kwenye ukuta wa mabati, nyuma ya nyumba.

"Umesikia?" Syombua aliuliza.

"Ni taniboi," Josphat alijibu bila kuinua macho. "Akipiga bodi hivyo, anasema huku nyuma ni salama."

"Nzioka alikufa, Baba Mutindi."

"Najua. Nilikuwako."

Wiki hiyo ikaja habari njema, ya kwanza tangu ajali. Festus, fundi mkubwa wa gereji fulani kule Athi River, alikuwa amepewa na Josphat lori moja dogo la kuchezea mtoto wake. Aliyaona maandishi yaliyopakwa nyuma ya bodi, yamenyooka, kila herufi na kivuli chake. Akatuma mtu aje aseme: Josphat aende Jumatatu, kuna malori makubwa yanangoja kuandikwa. Kazi ya kukaa kwenye kiti, mguu haungemzuia. Syombua alimpigia pasi shati jeupe, akaona jinsi mumewe alivyolishika kwa vidole vyake vyenye rangi, kama anaogopa kulichafua.

Jumatatu mlango haukufunguka.

Ulikuwa wa kufungukia nje, na kitu kilikuwa kimeuegemea. Syombua alichungulia dirishani. Jiwe la mtoni, jeusi, kubwa kama ng'ombe aliyelala, lilikuwa limekaa kizingitini. Bado lilikuwa likitiririka maji, ingawa mto uko mbali, na kutoka mtoni mpaka pale ni kupanda tu.

Alipiga kelele mpaka Mire akasikia akiwa na mbuzi wake. Alikuja na vijana wake wachungaji, wakasukuma kwa mabega wakiguna mpaka likasogea. Mire aliangalia chini. Hapakuwa na alama ya kuburuta.

"Nani amepandisha hii?" aliuliza polepole.

Josphat alicheka. Alikuwa ameshavua shati jeupe. "Amenizuia. Anajua barabara si nzuri. Nitaenda siku nyingine."

Mire hakucheka. Alimtazama Syombua kwa huruma, akasema, "Mama Mutindi, ukiona kitu, usingoje jioni. Mke wangu, Mama Liban, yuko nyumbani siku yote."

Hakungoja jioni. Saa za mchana, jua likiwa limeunguza kila sauti mpaka hata nzi wamenyamaza, alitoka jikoni na bakuli la uji, akasikia ile harufu ya breki ikimjia kabla hajafika chumbani, akaona mguu wa Josphat ukitokeza kwenye mkeka alipokuwa amelala, na kwenye kisigino chake jiwe, na nyuma ya goti jiwe, na kwapani jiwe, yote yamesukumwa mpaka yakakaza, na Josphat amelala macho wazi akitabasamu kwa kitu kilichokuwa juu ya kichwa chake, na pembeni yake Mutindi, aliyekuwa ameachwa kitandani na si pale, amekaa wima kati ya mawe mawili mabichi, hawezi kwenda mbele wala nyuma, amefungua kiganja chake kidogo kuelekea hewani, akingoja kupewa.

Bakuli lilianguka. Syombua alimnyakua mtoto akakimbia bila viatu.

Nimco, mama yake Liban na mke wa Mire, alikuwa akichemsha maziwa. Hakuuliza kwa nini mtu anaingia kwake akilia. Alimvika Syombua shuka mabegani, akamtia kikombe mkononi, akamchukua mtoto. Babake Nimco alikuwa mtu wa kusomea wagonjwa Kurani, na watu walisema alimwachia binti yake alichokijua. Nimco alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alimshukuru?" aliuliza.

"Baba Mutindi. Siku ya kwanza."

"Na wewe?"

"Nilitaka. Sikusema."

"Alhamdulillahi." Nimco alipumua. "Huyo si Nzioka, dada yangu. Nzioka amepumzika. Huyo ni jini wa pale kwenye mlima. Aliona kijana akifanya kazi yake, akaiiga. Anakuja na kazi ndogo, anangoja. Ukimwambia asante, umemwandika kazi. Na akishaandikwa hataki mtu wa nyumba atoke tena."

"Anataka nini kwetu?"

"Watu," Nimco alisema. "Wako peke yao sana, hao majini."

Waliondoka siku hiyo hiyo kwa pikapu ya Mire kwenda kwenye ule mlima wa Katangi, jua bado likiwaka. Josphat alikuja kwa sababu Mire alimbeba, hakumwomba ruhusa. Alilipakata lori la kijani njia nzima. Pale mlimani Nimco alisoma kwa sauti ndogo, midomo ikienda haraka, kisha akamwonyesha Josphat ukingo wa lami.

"Liweke. Aliyemwandika ndiye anamfuta, na si kwa matusi. Safari ikiisha, dereva anamwambiaje taniboi?"

Josphat alilibana lori kifuani. "Anapiga bodi mara mbili. Anamwambia, umefika, shuka."

"Basi mwambie. Akishashuka, mtu yeyote asimpe kitu, asipokee kitu kwake, na yeye lile neno la asante asilisikie tena."

Josphat aliliweka lori likiangalia juu. Alipotoa mkono wote waliona. Lilitakiwa kuteremka, lakini lilisimama. Nyuma ya gurudumu palikuwa na jiwe dogo kama punje ya mbaazi.

Aliuinua mkono juu ya bodi. Haukushuka.

"Siwezi," alisema. "Siku ile hapa tulikuwa wawili tu. Hakuna mwingine anajua. Nikimshusha nitabaki na nani?"

Syombua alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto mgongoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi mbele za watu.

"Mimi niko," alisema. "Niko kila siku, Baba Mutindi. Naleta chai, unanyamaza. Naongea na mtoto ambaye hajui kuongea ndio nisisahau sauti yangu. Kama ulikuwa unatafuta wa kuambiwa, ungeniambia mimi."

Josphat aligeuka. Alimtazama kama mtu anayemtambua abiria wake baada ya safari nzima. Halafu akapiga. *Pa, pa.*

"Umefika," alisema, na sauti ikakatika. "Shuka."

Jiwe lilijiviringisha lenyewe, polepole, likavuka lami na kupotelea kwenye nyasi. Harufu ya breki ikaondoka, mtu angedhani dirisha limefunguliwa. Lori lilibaki mahali pake, bila kitu cha kulizuia. Josphat akalia mpaka mabega yakatikisika, na Mire akamshika kwapani akamrudisha kwenye gari, akimwambia pole, pole sana, ndugu yangu.

Manyunyu yalianza. Syombua alikuwa wa mwisho kupanda. Aligeuka, akaliona lile lori dogo peke yake ukingoni mwa barabara kubwa, na ile rangi ya kijani ambayo mumewe aliipaka mikono mitatu, akingoja kila mmoja ukauke. Akakumbuka neno la Nimco: wako peke yao sana. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amevua kitambaa chake cha kichwani, cha manjano, akalifunika lori, akakunja pembe zake chini ya bodi kama turubai. Kisha akakimbilia garini. Hakuna aliyemwona.

Josphat alianza kazi Athi River kesho yake. Alirudi jioni akinuka rangi na mafuta ya taa, akala, akaongea. Alimwambia Syombua habari za malori na madereva, na usiku mmoja alimwambia za Nzioka, alivyopenda kuimba kwenye mteremko na kunyamaza wakipanda. Syombua alisikiliza akishika mguu wake mbovu. Walikuwa wawili tena.

Mchana tu ndio ulikuwa mrefu. Rafu ilikuwa na nafasi tupu, na hapakuwa na mtu hata wa kunong'ona. Alijiambia huo ndio utulivu aliouomba.

Alasiri moja wingu lilitanda juu ya milima. Syombua alimkalisha Mutindi kwenye mkeka, akatoka mbio kuanua nguo. Hakukaa. Alirudi na nguo kifuani mpaka kidevuni, akasimama mlangoni.

Mtoto alikuwa amempa mgongo, ameangalia pembe ya chumba. Nyuma ya kiuno chake palikuwa na jiwe, limesukumwa taratibu likamgusa, ili asianguke. Mapajani mwake kulikuwa na kitambaa cha manjano, kikavu, kimekunjwa vizuri, na pembeni kina alama ya rangi ya kijani.

Syombua alidondosha nguo. Alikimbia, mkono umenyooka kuuziba ule mdomo mdogo.

Mutindi alifungua kiganja kuelekea pembe ile tupu. Akacheka, akasema neno lake la kwanza, wazi kabisa, kama alivyofundishwa.

"Ate."