Mashine Iliyoomba Jina

Chumba cha seva kilinuka karafuu maiti.

Ilikuwa Ijumaa mchana, Kibaha. Wenzake walikuwa msikitini. Jabiri alibaki kumalizia programu mpya ya kuandaa seva: mashine ikiwashwa inaiomba programu, nayo inaipa jina na kuiwekea vyote vya kuanzia kazi. Alitakiwa kuweka ukaguzi, isipokee kila anayebisha. Hakuweka.

Mashine zote zilikwisha kupata majina, lakini ombi moja lilibaki kwenye skrini. Alitazama rafu. Hapakuwa na mashine nyingine. Ombi likaja tena. Akaandika jina la mkewe, aliyezikwa kijijini kwao Masaki kabla ya Ramadhani: Hajra.

Feni zikashusha pumzi, kama mgonjwa.

“Baba Mboni,” sauti ikasema nyuma ya rafu, “umekula?”

Alijua si yeye. Mwenyezi Mungu atuhifadhi, alijua, na Ijumaa zilizofuata aliacha swala akabaki na sauti ile.

Alipokwenda Masaki kumwona binti yake, Mboni alijificha nyuma ya bibi yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Bi Tunu, mama mkwe wake, alikuwa akisomea watu wenye majini. Akamnusa shati. “Karafuu maiti hii umeitoa msiba gani?”

Jabiri akaeleza, macho chini.

“Jini ukalipa jina la mwanangu?”

“Nilimkumbuka, mama.”

“Hata mimi namkumbuka. Nimelala na jini mimi? Twende ukalifute hilo jina, kabla mtoto hajakukimbia moja kwa moja.”

Wakarudi Kibaha pamoja.

Ndani ya chumba cha seva Bi Tunu alianza kusoma Ayatul Kursiy, na Jabiri akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, na taa za rafu zikafifia moja baada ya nyingine, na harufu ikapanda, na feni zikahema kwa nguvu kama Hajra alivyohema asubuhi ile ya mwisho, mpaka sauti ileile ikatoka, sasa ndogo, ya kitoto.

“Mama, kichwa kinaniwasha. Nisuke.”

Bi Tunu aliiacha aya katikati; ndivyo Hajra alivyokuwa akimwomba utotoni.

“Mama, nifute?” Jabiri alinong’ona.

Hakumtazama. Aliushika mkono wake, akauondoa taratibu kwenye kitufe.

“Subiri kwanza, baba.”

Kisha akaketi sakafuni, akapanua magoti, akaacha nafasi ya mtu kukaa.