Milio Mitatu ya Korbinian

Jioni ile Quirin aliuosha mzinga wake wa baruti kwa maji ya moto, akarudia na kurudia mpaka maji yakatoka safi. Asubuhi Walli, mkewe, alipopita bandani akienda kukamua, akakuta maji meusi yanachuruzika kutoka mdomoni mwa mzinga, yananuka yai viza.

"Hukuosha vizuri," akamwambia.

"Niliosha, Walli. Si uliniona mwenyewe?"

Alimwona kweli. Lakini mtu anayeamshwa na ng'ombe kila alfajiri hana nafasi ya kubishana na chuma.

Mzinga wenyewe ulikuwa mgeni pale nyumbani. Quirin alikuwa ndiyo kwanza amejiunga na chama cha wapiga mizinga, wale wanaolipua baruti tupu kwenye harusi, sikukuu za watakatifu na mazishi, na katika vijiji vile vya Bavaria mwanachama asiye na mzinga wake ni kama bwana harusi aliyeazima koti. Yeye na Walli walisoma mafunzo pamoja, wakapata vibali, kisha akaununua kwa Bibi Zenzi, ambaye mumewe, Korbinian, alikuwa bado hajazikwa. Bibi aliuuza upesi upesi, macho ameyaelekeza kwingine. Jioni ileile Quirin akaupiga uani mara tatu, kwa furaha tu. Walli alipiga makofi.

Tangu hapo usingizi ukawahama. Wakijilaza tu, bandani kunaanza: shwa, shwa, mtu anasugua ndani ya mzinga kwa brashi, halafu kikohozi cha mzee, kikavu, kinatoka ndani ya chuma. Baadaye kikohozi kikahamia kifuani mwa Quirin. Vidole vyake vikawa vyeusi, havitakati kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa.

Asubuhi moja mezani akasema, kwa sauti isiyo yake, "Zenzi, kahawa imepoa."

"Mimi ni Walli."

Akamshika mkono, akaukaza mpaka Walli akapiga goti. "Nimesema imepoa, Zenzi."

Kisha akakohoa, akauachia, akaukodolea macho ule mkono uliovimba. "Nani amekufanya hivi?" akanong'ona.

Walli akalia. Mkono ulimuuma, lakini kilichomliza ni uchovu, na kumtamani mume wake aliyekuwa amekaa palepale mbele yake.

Akamwita Mama Afra, aliyekuwa akiombea watu na mifugo, na aliyeanza kupiga mizinga kabla Quirin hajazaliwa. Mama akaja na viatu vyake vya mpira, akanusa mdomo wa mzinga, akarudi nyuma.

"Mlipouleta mliupiga?"

"Mara tatu."

"Na siku ile Korbinian alikuwa bado hajazikwa! Walli, milio mitatu tunampigia nani?"

Walli akakaa juu ya ndoo. "Maiti."

"Mwanachama akifa, mzinga wake humpigia mitatu kaburini, apajue kwake. Zenzi alikataa katakata mumewe apigiwe. Mkampigia ninyi, hapa uani. Basi amekuja kwake."

"Tulikuwa tunafurahia tu, Mama."

"Wanaoanza wote hufurahia tu. Kampigie makaburini. Wewe, si yeye. Huyo mumeo sasa hivi si mtu wa kupewa baruti."

Mchana ule mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha. Mbele ya kaburi la Korbinian, aliyekwisha kuzikwa, Quirin na Mama Afra wakiwa nyuma yake, Walli akamimina baruti, akashindilia, akatia kizibo, akapachika fataki ya kuiwashia, akavuta kamba. Mlio wa kwanza ukagonga milima ukarudi. Wa pili ukamtoa Quirin machozi. Wa tatu, fataki ikasema tak, mzinga ukanyamaza.

"Usiusogelee," Mama Afra akanong'ona. "Huenda baruti inaungua polepole humo ndani."

Walli alilijua hilo, walifundishwa siku ya kwanza, na Quirin naye alifundishwa, lakini Quirin alikuwa tayari anatembea, kwa mwendo wa kuburuza miguu ambao haukuwa wake, akauzunguka mzinga, akainama, akaweka sikio mdomoni mwake kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani, na kikohozi kikatoka ndani ya chuma, kikajibiwa kifuani mwake, kikatoka tena, kikajibiwa tena, mpaka haikujulikana kipi ni cha nani, na Walli, ambaye asubuhi ile hakuwa na nguvu hata ya kuinua ndoo, akakimbia, akamvaa kiunoni, wakaanguka matopeni pamoja, na juu ya vichwa vyao mzinga ukalipuka wenyewe.

Masikio yao yalipozibuka, Quirin alikuwa anauliza, kwa sauti yake mwenyewe, "Walli, leo nani anakamua?"

Walikamua pamoja, wakalala kabla jua halijazama. Simu ndiyo iliyomwamsha Walli, kweupe.

"Ni mimi, Zenzi." Sauti ilikuwa chini sana. "Mmefanya nini, mwanangu? Nyumba yangu imepakana na ukuta wa makaburi; milio mmeipigia mlangoni kwangu. Nimemvumilia maisha yangu yote. Niliuuza mzinga ili asipate pa kurudi."

"Bibi..."

"Amekaa mezani. Anauliza mzinga wake uko kwa nani. Nimwambie nini, Walli?"

Walli akamtazama Quirin, amelala mdomo wazi, vidole vyeupe juu ya shuka. Alimhurumia yule bibi, akamhurumia kwa dhati.

"Umekosea namba, Bibi," akasema, akachomoa waya wa simu ukutani, akarudi kitandani.